Blauzi Iliyofuliwa

Mtaani tulimwita Povu, naye hakukasirika. Alikuwa dobi tangu ujana, na mikono yake haikuweza kutulia mbele ya nguo chafu. Akikutembelea, ukaenda jikoni kumchemshia chai, ukirudi unakuta ameshaloweka mapazia yako. Mazoea yana taabu.

Ndiyo maana asubuhi aliyoondoka kwenda kuanza udobi kwenye meli kubwa ya watalii, alifua nguo za nyumba nzima ili mama yake asibaki na kazi. Humo humo akafua na shuka alilokuwa akimbebea mwanawe mgongoni. Nalo ndilo walilokubaliana lisifuliwe, mtoto apate kunusa harufu ya mama yake na kulala.

Simu ilimkuta chini kabisa ya meli, kwenye chumba cha kufulia kisicho na dirisha, mashine zikinguruma na taulo za wageni zimerundikana hadi kifuani. Juu kule wageni walikuwa wakipigiwa muziki wa kuwakaribisha. Yeye alikuwa anamsikiliza mwanawe, amelia mpaka sauti imekauka.

"Shuka analinusa, analitupa," mama yake alisema. "Chupa hataki hata kuiona. Kwani ulilifua, mwanangu?"

Povu akakumbuka blauzi aliyokuja nayo, ile aliyomlazia mtoto kifuani usiku kucha. Kaka yake aliyemsindikiza alikuwa bado kwenye geti la bandari, anasubiri kuiona meli ikiondoka. Blauzi ikimfikia, itafika nyumbani kabla ya giza.

"Bosi, nakuomba nifike ngazini mara moja," alimwambia msimamizi. "Mtoto wangu hali."

"Nenda. Lakini ngazi ikipandishwa, mimi simo."

Alikimbilia chumbani. Humo alimkuta mwenzake wa chumba, mama mtu mzima, dobi wa melini wa miaka mingi. Alikuwa anapiga pasi blauzi ile ile.

"Nimekufulia, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Siku ya kwanza ni ngumu, nikaona nikupunguzie."

Povu aliichukua akaikandamiza usoni. Ilinukia sabuni tupu. Ningekuwa mimi, yule mama angenitambua. Lakini Povu angeanzia wapi kumlaumu mtu kwa kosa lake mwenyewe?

Alivua kitambaa cha kichwani, kilicholowa jasho, akapanda ngazi mbio. Alipofika mlangoni, ngazi ya kushukia ilikuwa imeshapandishwa, na mabaharia walikuwa wanakaza makomeo.

"Kaka zangu, nawaombeni. Kitambaa tu. Kaka yangu yuko pale getini."

"Dada, tumeshaondoka. Rudi kazini."

Alipiga magoti. Hakuona aibu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wale vijana walitazama pembeni, wakaendelea kukaza.

Simu ikaita tena, mtandao ukikatikakatika.

"Amenyamaza," mama yake alinong'ona. "Nimemlaza kifuani, ameng'ang'ania gauni langu. Chupa ameimaliza. Usilie tena, mwanangu. Ameshaanza kunizoea."

"Asante, mama," Povu alisema.

Kisha mtandao ukakatika kabisa, naye akabaki pale chini, kitambaa kichafu mkononi.