Neno la Miono Nililolisikia Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika kwamba bwana harusi ni mbuzi. Mwimbaji alisema "mjuzi", lakini kaseti ilikuwa imechakaa, na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Fundi Mkuu wa studio yetu pale Bagamoyo aliisoma karatasi, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, umewahi kualikwa harusi ya mbuzi?"

"Hapana, mzee."

"Basi rudisha kaseti nyuma. Sikiliza mara tatu."

Kazi hiyo tuliiita kunakili. Waimbaji wetu wengi walitunga kichwani, hawakuandika popote. Kwa hiyo mnakili alivaa hedifoni, akasikiliza ubeti baada ya ubeti, akayaandika maneno ili yachapwe katika kijitabu kilichouzwa pamoja na kaseti. Kibwagizo, yaani maneno yanayorudiwa na waitikiaji, kiliandikwa mara moja tu ili kuokoa karatasi.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa tawi la Chalinze. Chumba cha kurekodia kilikuwa karibu na maegesho ya malori, na honi zilipenya ukutani. Meneja wa huko alikuwa mtu wa mbio. Kazi ya wiki aliitaka iishe kwa siku moja.

Ndipo akaja Bi Mwanaisha, mjane kutoka Miono, na wimbo wa kumlilia mumewe aliyeugua muda mrefu. Nikausikiliza mara tatu kama nilivyofunzwa. Mara zote tatu nikasikia: "Nilimpa sumu kwa mkono wangu, akanishukuru, akafumba macho."

Nikapigwa na butwaa. Nilimwendea Meneja.

"Bosi, humu kuna neno zito."

"Wimbo mzuri haukosi maneno mazito. Peleka ukachapwe."

Nikapeleka. Bi Mwanaisha hakujua kusoma. Alikuja mara mbili kuulizia kijitabu chake, na kila mara aliniletea chai ya tangawizi kwenye chupa. Nilimshukuru, alipoondoka nikaimwaga yote nyuma ya choo.

Uzinduzi ulifanyika Miono, asubuhi, kwenye kiwanja cha shule. Mshereheshaji aliona bora ayasome maneno kabla wimbo haujapigwa. Alipofika kwenye ubeti ule alishusha kijitabu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mdogo wa marehemu akasimama. "Shemeji, ulimpa nini kaka yangu?"

Bi Mwanaisha aligeuka kumtazama mshereheshaji. Wanawake waliokaa naye mkekani wakajisogeza pembeni, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki peke yake. Macho yake yakanitafuta. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Aliyesema alikuwa mama mkwe wake, kikongwe aliyeletwa pale kwa kushikiliwa.

"Alimpa supu! Supu ya kuku, niliichemsha mimi kwa mikono yangu. Kama mwatafuta muuaji, nianzeni mimi!"

Supu. Nikasimama, nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, halafu kiwanja kizima kikaangua kicheko. Yule mdogo wa marehemu aliketi akajifunika uso kwa kofia yake. Bi Mwanaisha hakucheka.

Vijitabu vyote tulivikusanya tukavichoma. Tangu siku ile sikupeleka karatasi kuchapwa kabla ya kumsomea mwimbaji neno kwa neno. Meneja alipofoka, nilimwacha afoke.

Sasa nimestaafu, ninaishi Vigwaza. Siku hizi maneno ya nyimbo yanajiandika yenyewe kwenye simu, na mara nyingine vibaya kuliko nilivyoandika mimi. Vijana huniomba niwasimulie kisa cha sumu wapate kucheka, nami huwasimulia. Ila huwa siwafikishi hapa.

Mwaka jana nilikwenda Miono kumjulia hali Bi Mwanaisha. Nikamwomba radhi tena kwa kusikia vibaya.

"Kusikia vibaya nani hasikii?" akasema. "Lakini ulinyamaza, mwenzangu. Uliniona, ukanyamaza."

"Nadhani ilikuwa dakika moja tu, dada."

"Kwako," akajibu. "Kwangu ilikuwa Ramadhani nzima."