Ndimu na Jivu

Nilipomwona mama mkwe akimkamulia mwanangu ndimu kwenye chale mbichi za chanjo, subira iliniisha. Nilimpokonya ile ndimu nikaitupa uani.

"Huna adabu wewe!" akasema. "Namtoa mjukuu wangu usaha wa ndama wanaoutia kwenye hiyo chanjo yao."

Mume wangu alikuwa amemshika mtoto asifurukute.

Harufu ya ile ndimu na jivu alilompaka mtoto ilinirudisha utotoni. Bibi yangu alitufanyia hivyohivyo, mimi na mdogo wangu, siku tuliyochanjwa ndui Kariakoo. Tulipofika tu nyumbani alitufyonza mikono kwa mdomo wake uliojaa tambuu, akatema mate mekundu ukutani, kisha akasugua ndimu na jivu mpaka tukalia. "Dawa ya Mzungu hiyo, imetoka!" akacheka. Baba aliona yote, akaendelea na kahawa yake.

Ndui ilipoingia mtaani, mimi ilinichora uso. Mdogo wangu tulimlaza juu ya majani ya mgomba, maana mkeka ulimbandua ngozi. Alinuka, na nzi hawakufukuzika, mpaka akafa. Bibi akasema ni amri ya Mungu. Baba akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake nilikwenda barazani kwa liwali, mwamuzi wa mashauri ya mji, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Unamshtaki mkweo?"

"Hapana, bwana. Namshtaki mume wangu. Mama yake alishika ndimu, yeye alimshika mtoto. Nataka mwanangu achanjwe upya, na safari hii nitamshika mimi."