Uzio wa Alma

Alma alifariki akiwa mwaka wa pili chuoni. Wazazi wake walimzika Stockholm, si Nyeri walikotoka, maana mwenyewe alizoea kusema huku ndiko kwao. Baada ya maziko, babake, Eliud, aliomba zamu zaidi kazini. Mamake, Wanjira, alibaki nyumbani, mtaa wa Spånga, akiichaji simu ya marehemu kana kwamba mwenyewe angeiulizia.

Siku moja simu hiyo ikalia. Alikuwa Theresia, Mtanzania aliyeongoza kikundi cha kujitolea msituni.

"Alma, Jumamosi utakuja?"

Wanjira akamweleza. Upande wa pili kikasikika kilio. Wanjira akajisikia akisema, "Nitakuja mimi."

Hakujua lolote kuhusu kazi ile. Alichokijua ni matope ya mabuti ya mwanawe, na jinsi alivyokuwa akimgombeza kwa matope hayo. Theresia alimwonyesha miti iitwayo asp, ambayo majani yake hutetemeka hata upepo ukiwa umelala. Ilikuwa inapungua. Misonobari iliinyima jua, na kila chipukizi lililotoka mizizini liliishia tumboni mwa kulungu. Ndiyo maana Alma na wenzake walizungushia kichaka kimoja uzio wa waya. Ndani yake machipukizi yalikuwa yamefika magotini.

Kila Jumamosi Wanjira aliyapima na kuyakagua, akampa Theresia habari. Kufikia mwisho wa kiangazi yalimfika kiunoni.

Vuli ilipoingia, dhoruba iliangusha msonobari juu ya uzio. Wanjira alipofika, kulungu walikuwa wameshapita. Visiki vyembamba tu ndivyo vilivyosalia. Akaketi chini ya miti akalia kwa sauti, kilio ambacho kaburini kilikuwa kimekataa kutoka. Kisha akampigia mumewe.

"Wamekula yote, Baba Alma. Yote."

"Uko wapi?"

Eliud alikuja na nguo za kazi, mkononi msumeno na koleo. Walikata matawi, wakainua waya.

"Mama Alma, shika hapa."

Tangu maziko hakuwa amemwita hivyo. Wanjira akashika. Eliud alikaza fundo moja, kisha akaweka koleo chini.

"Alinialika huku," alisema. "Mara ngapi? Nikawa nasema nimechoka."

Wanjira aliendelea kuushikilia waya mpaka Eliud akaweza kukaza fundo la pili.

Theresia alikuwa amewaonya kwamba mzizi ambao machipukizi yake huliwa mara kwa mara nao huchoka. Majira ya kuchipua yalipokuja, machipukizi machache yalitokeza kando ya mwamba mmoja ndani ya uzio, membamba kama njiti. Miti mikubwa miwili ya asp ilikauka kabisa.

Bado huenda Jumamosi, siku hizi wote wawili. Eliud hukagua waya, Wanjira huinama kwenye machipukizi. Njiani kurudi, mara nyingine mmoja huanza jambo kuhusu Alma, akakwama katikati, na mwenzake humngojea.