Amri ya Kumi Haipo

Nimeolewa ndoa ya kanisani, ya mke mmoja, na bado nina wake wenza watatu. Wanalala kwenye meza ya kando ya kitanda, upande wa mume wangu: kitabu cha imani, cha hisabati na cha kuandika programu za kompyuta. Cha imani kimelegea mgongo kwa kufunguliwa kila alfajiri. Cha hisabati kina doa la chai ambalo si langu, ingawa nalaumiwa mimi. Cha programu ni kinene kama tofali, na akikisoma hucheka peke yake. Nikiuliza kinachochekesha ananieleza, basi mimi ndiye ninayeomba tuzungumze mengine.

Kazini anaandika programu za ofisi ya maji. Jumapili anafundisha watoto kanisani, nao wanamwita Mwalimu Sifuri, kwa sababu ukimwachia ahesabu chochote haanzi na moja. Eti kompyuta huanza na sifuri. Siku za uchumba nilimuuliza mimi ni wa ngapi kwake, nikijumlisha na hivyo vitabu. Akanitazama kwa mapenzi yote, akasema, "Wewe ni sifuri." Nilimnunia wiki nzima. Alijaribu kujieleza, nikaziba masikio.

Hatuna mtoto. Nalisema bila kuzunguka, maana bila hilo hutaelewa darasa lile ni nini kwake. Watoto wale wakimkimbilia getini, uso wake wote unafunguka. Kwa hiyo mchungaji mpya alipotangaza kwamba darasa litapimwa mbele ya waumini, na mwalimu asiyefaa atapumzishwa, nyumbani kwetu hatukuzungumza jingine.

Siku ikafika. Mchungaji akamsimamisha binti wa mpiga kinanda, mtoto asiyeogopa mtu.

"Haya mwanangu, zile amri kumi unazijua?"

"Nazijua zote, baba mchungaji."

"Ya kumi inasemaje?"

"Ya kumi haipo."

"Haipo?"

"Haipo, baba mchungaji. Zinaishia tisa."

Mume wangu akafunika uso kwa viganja. Alikuwa amewapangia watoto amri za Mungu kama anavyopanga vitu vyake kwenye kompyuta, wala hakugundua. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nyuma yangu mzee mmoja wa kanisa akanong'ona, "Sasa hiyo ya kumi ameiba nani, na wizi wenyewe umekatazwa?"

Mchungaji hakucheka. "Zilikuwa kumi. Moja imekwenda wapi?"

"Zote zipo. Tunaanza na sifuri. Ni ile ya kutokuwa na mungu mwingine."

"Mungu mnamweka kwenye sifuri?" Sauti ya mchungaji ilipanda, nami nikajua darasa limekwenda na maji.

Mtoto hata hakutikisika. "Mwalimu anasema sifuri si patupu. Ni pale unaposimama kabla hujaanza kuhesabu. Ukipaondoa, zile nyingine zote zinakosa pa kuanzia."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta kwa pindo la joho, akaivaa tena.

"Mwalimu, darasa ni lako," akasema. "Ila nakusihi, kuanzia Jumapili ijayo wahesabie kama sisi wengine."

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu alilia waziwazi, hata leso hakutafuta. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa naikumbuka ile wiki yangu ya kununa, na jinsi nilivyoziba masikio.

Tulipofika nyumbani niliwasogeza wake wenza kando, nikaketi kitandani upande wake.

"Hebu niambie tena," nikasema. "Mimi ni wa ngapi kwako?"

Akashtuka. Mtu aliyewahi kununiwa hasahau.

"Wa kwanza," akajibu haraka. "Wa kwanza kabisa, mke wangu."

"Mwongo wewe," nikamwambia. "Nirudishie sifuri yangu."