Elina na Jina la Mkwe

Wanaosimulia habari za Korogwe huanza na reli, wakaingia kwenye mkonge, wakamalizia na maduka ya Wahindi, utadhani mji ulizaliwa na vyuma na kamba. Waliofyeka pori hawatajwi. Jambo hilo huniudhi, kwa sababu mmoja wao alikuwa baba wa babu yangu, na nyumba yake ya Manundu iliokolewa asubuhi moja ya mwaka 1949 na bibi yangu Elina.

Bibi alizaliwa Kang'ata, upande wa Handeni, akaolewa Manundu na Stefano akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Wakati huo Manundu, pembeni mwa Korogwe, palikuwa vichaka na nyumba za kuhesabu. Mtu akienda stesheni jioni alitafuta wenzake kwanza, na mmoja wao awe na mkuki. Baba mkwe wa bibi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kujenga upande ule, na alipenda kuwaonyesha wageni kisiki cha mkuyu aliokaa juu yake usiku kucha simba akiuzunguka. Bibi alikisikia kisa hicho mara mia, akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Nyuma ya ukuta, kwa sababu mila aliyolelewa nayo haikumruhusu kukaa mbele ya baba mkwe wala kumtaja kwa jina. Si kwa hasira, si kwa sala. Palikuwa na fundi cherehani sokoni mwenye jina lilelile, na bibi alimwita “yule mwenye jina la baba” mpaka fundi mwenyewe akazoea. Padri alimbatiza, lakini maji ya ubatizo hayamwondolei mtu ukwe.

Kisha Stefano akachukuliwa vitani, akaenda Burma, na kilichorudi ni barua. Kaka zake bibi walikuja kutoka Kang'ata kumchukua pamoja na binti yake mdogo, Shida, ambaye ndiye mama yangu. Bibi akakataa. Aliwauliza mzee angebaki na nani, wakaondoka wamenuna. Mwaka uliofuata mzee akapooza upande wa kulia, na ulimi ukafa pamoja na mkono. Bibi akampeleka dispensari juu ya toroli. Dresa, mfunga vidonda wa pale, akauliza jina la mgonjwa. Bibi akababaika, mwisho akasema, “Ni mzee wa Manundu.” Dresa alikuwa na haraka, akaandika kwenye kadi: Mzee Manundu. Hapo bibi alijichimbia shimo, asijue.

Maana mji ulikuwa unavimba. Baada ya vita mkonge ulitakiwa sana, manamba, vibarua wa mashamba, wakashushwa stesheni behewa kwa behewa, soko likajaa mpaka barabarani, malori yakapita usiku na mchana. Serikali ikaamua Korogwe upangwe. Wakaja watu wa ramani, wakavuta minyororo ya kupimia na kuchomeka vigingi, na nyumba ya mzee, yenye kuta za udongo na paa la madebe yaliyonyooshwa, ikajikuta kwenye kona ya barabara mbili mpya. Bwana mmoja aitwaye Dunstan, mwenye malori mawili, akaitamani kona hiyo kama paka anavyotamani samaki.

Masharti yalitangazwa sokoni kwa ngoma. Kila mwenye nyumba aje barazani, ataje jina la aliyeijenga na jina la baba yake. Karani atafungua kitabu cha zamani cha nyumba. Jina likiwamo, kiwanja chake. Lisipokuwamo, nyumba inavunjwa kabla ya Jumapili na kiwanja anapewa mwenye uwezo wa kujenga. Kisha likaongezwa jingine: asiwepo wa kumsaidia mtu kusema, maana siku ya kwanza ya baraza watu walikuwa wakinong'onezana majina kwenye foleni kama wanafunzi wavivu. Mtoto haruhusiwi kusema. Kwa hiyo Shida, aliyekuwa na miaka tisa na ambaye angeweza kumtaja babu yake bila kosa lolote, hakuwa na faida.

Bibi hakulala. Lakini asubuhi akapata matumaini: kulikuwa na kadi ya dispensari. Hakujua kusoma, ila aliamini karatasi ya serikali itasema na serikali mwenzake. Jirani yao Hiza na mwanawe Petro wakambeba mzee juu ya kitanda cha kamba mpaka barazani, ili aonekane kwa macho kwamba yupo.

Karani aliitwa Gregori, kijana nadhifu kutoka mbali, upande wa ziwa. Pembeni yake alikaa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, Mwingereza, kofia magotini. Dunstan alisimama karibu, ombi lake la kiwanja limekunjwa tayari mkononi.

“Nani aliijenga nyumba?” Gregori aliuliza.

Bibi akajibu kwamba ni baba wa marehemu mume wake, na kwamba ndiye yule aliyelala pale.

“Mama, nimeuliza jina.”

Bibi akatoa kadi. Gregori akaisoma, akafungua kitabu, akateremsha kidole ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akasema hakuna Mzee Manundu. Akamuuliza ameishi na mtu huyo muda gani. Bibi akasema miaka kumi na mitatu.

“Miaka kumi na mitatu na humjui jina?”

Wageni wakacheka, na wageni walikuwa nusu ya baraza. Watu wa pale hawakucheka. Walitazama chini, kwa sababu walijua. Hiza akafungua mdomo, tarishi akamsukuma nyuma kwa fimbo. Bwana Shauri akatazama saa yake. Gregori akachovya kalamu kwenye wino, na bibi, asiyejua herufi, alijua kabisa anachotaka kuandika.

Bibi aliniambia kwamba dakika ile aliwachukia wote: karani na usafi wake, Dunstan na malori yake, hata Stefano aliyekwenda kufa mbali na kumwachia mzigo. Kwao Kang'ata, mwanamke akimtaja mkwe mbele ya watu husemwa amemvua nguo. Na huyu amelala palepale, anasikia kila kitu. Asipomtaja, Jumapili atalala wapi?

Akasema jina kwa kunong'ona.

“Sauti, mama. Sikusikia.”

Ndipo mzee akajisogeza. Alikuwa amelalia ubavu uliopooza, sikio la kulia limezama kwenye nguo alizowekewa kichwani. Akainua mkono wake wa kushoto, ule pekee aliobakiwa nao, polepole, akaliziba sikio la juu. Akafumba na macho. Akatulia hivyo, mbele ya baraza zima, akisubiri.

Bibi akamtazama mpaka alipoelewa.

“Semboja,” akasema, sauti ikafika sokoni. “Semboja mwana Mhina.”

Kidole cha Gregori kikatembea, kikasimama. Jina lilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa Manundu. Karani akageuza kitabu kumwonyesha Bwana Shauri, Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, na Dunstan akaondoka bila kuaga mtu.

Mzee akashusha mkono, akafumbua macho. Akamgeukia Hiza, akainua nyusi, kama mtu aliyefika sasa hivi na anataka kujua mambo yamefika wapi.

Hiza akainama karibu yake.

“Naona karani ameridhika, mzee wangu,” akamwambia. “Sijui ameambiwa nini. Hata mimi sikusikia.”

Petro akasema naye hakusikia. Mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa hatua mbili nyuma yao akasema kelele za soko zilikuwa nyingi, nani angesikia. Wakainua kitanda, na watu wa Manundu wakapisha njia, kila mmoja akiuliza mwenzake kwa sauti kama kuna neno lililosemwa, na kila mmoja akijibiwa hapana. Bibi akawafuata nyuma, analia waziwazi.