Siku Nilipowapikia Wakwe Nyama ya Kifaransa

Habari hii sipendi kuisimulia, na nikisikia mtu mwingine anaisimulia huwa naondoka, lakini kwa kuwa hapa Kisaka kila mwenye mdomo anaiongezea chumvi (wapo wanaosema nilichoma nyumba, wapo wanaosema nilikuwa nimelewa chakari siku ya wakwe) nimeona bora niiseme mwenyewe, aibu yangu yote, ili mjue nilipokosea na mjue nilipoonewa. Maana nilionewa, na hilo silifichi.

Mimi ni Chacha, mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa hifadhini, na huu ni mwaka wangu wa sita. Sasa kwetu mwanamume akisema yeye ni mpishi, watu wanamwangalia kama amesema anaumwa. Miaka yote hiyo nikija likizo wazee wananiuliza, "Bado unakoroga?" halafu wanacheka, na ninachopeleka nyumbani kutokana na huko kukoroga wanakila na hawacheki. Kwa hiyo nilikuwa na hasira ya siku nyingi, na hasira hiyo ndiyo iliyonipikia siku ile, si mimi.

Kambini tulikuwa na mpishi mkuu, mama mmoja Mfaransa, mkali lakini mwenye roho nzuri, ambaye alinifundisha nyama ya ng'ombe ya kwao inayopikwa ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na karoti, uyoga na vitunguu vidogo vizima, saa nane nzima, mpaka nyama inakatika kwa kijiko. Alipokuwa anarudi kwao akaniachia chungu chake cha umeme, kile kizito cha udongo mnene kinachokaa ndani ya kitako chenye waya, kinachopika polepole mno, hata ukikiangalia huwezi kujua kama kinapika au kimelala. Akaniambia, "Chacha, kiamini tu, usifunue funue." Nami nikakiamini.

Basi ikafika siku ya watu wa Genkuru kuja kwetu kuona ng'ombe wa mahari. Nilikuwa namchumbia Ghati, binti wa huko, na baba yake, Mzee Marwa, ni mtu anayeangalia ng'ombe mmoja mmoja, meno, kwato, mkia, kama daktari. Siku mbili kabla, baba yangu akasema anatenga beberu la kuchinja. Mimi nikasema, "Tata, beberu liache. Chakula cha wageni kitatoka kwangu."

Baba akanitazama. "Utapikia kwenye nini?"

Nikamwonyesha chungu. Akakizunguka, akashika waya, akasema, "Hiki hakina moto."

"Moto wake uko ndani."

Akaenda zake, na beberu likabaki hai, na hapo ndipo shida zote zilipoanzia, kwenye hilo neno moja la "liache", kwa sababu baada ya kusema hivyo nikaendelea kujisahau, hata jirani alipokuja kuazima sufuria yetu kubwa kwa ajili ya msiba wao, mimi ndiye niliyemtolea nikamwambia akae nayo mpaka Jumatatu.

Jumamosi yenyewe nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikakaanga nyama kilo nne vipande vipande mpaka ikashika rangi (bekoni, ile nyama ya nguruwe inayotakiwa humo, niliiacha kwa sababu mama yangu hali nguruwe), nikamimina mvinyo chupa mbili nilizokuja nazo kutoka kambini, nikapanga karoti, nikafunika, nikachomeka kwenye soketi ya sebuleni, ambayo ndiyo soketi pekee ya nyumba ile. Dada yangu Bhoke alikuwa anafagia. Nikamwambia, "Hiki kisiguswe." Akasema sawa. Nikaenda kuoga, nikavaa shati jeupe, nikachukua bodaboda kwenda kuwapokea wageni njia panda.

Wakaja saa nne, watu saba, mbele Mzee Marwa na fimbo yake, nyuma kabisa shangazi yake Ghati, mama wa kanisa, mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Shikamoo zikapigwa, tukaelekea nyumbani, na tulipokaribia nikasikia muziki mkubwa unatoka sebuleni, sabufa inalia mpaka mabati yanatetemeka. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi, nikamwambia mzee mkwe, "Dada yangu huyo, anawakaribisha," na nikatikisa mabega kidogo, mjinga mimi, nacheza kwa umeme wa nyama yangu mwenyewe.

Tukapita moja kwa moja zizini. Mzee Marwa akaangalia ng'ombe, akabishana na baba kuhusu ndama mmoja mwenye jicho bovu, wakaelewana, wakabishana tena, jua likapanda. Saa saba baba akasema wageni waingie wale. Nami nikatangulia ndani nimevimba kifua, nikafunua chungu.

Nyama ilikuwa imelala kwenye mvinyo kama nilivyoiacha asubuhi. Nikaingiza kidole, baridi. Nikafuata waya kwa macho mpaka ukutani, nikaona waya wa chungu umezungushwa vizuri pembeni, umefungwa fundo, na kwenye soketi kuna waya wa sabufa.

"Bhoke," nikasema, "nani alichomoa chungu?"

"Mimi. Saa moja." Akaendelea kupanga viti.

"Nilikwambia kisiguswe."

"Sijakigusa. Nimegusa waya."

Niambieni, ndugu zangu, mtu wa namna hiyo unamfanya nini. Nje wazee wameshanawa mikono. Mama ananiuliza kwa macho chakula kiko wapi. Sufuria kubwa iko msibani, ndogo zote zina maji ya ugali na chai. Nikabeba kile chungu cha udongo kwa mikono miwili, nikakimbia nacho jikoni kwa mama, nikakiweka juu ya mafiga, nikasukuma kuni zote zilizokuwepo. Msinicheke. Najua, tena najua kuliko ninyi, kwamba udongo wa namna ile hauwekwi kwenye moto wa kuni, ningemkuta kijana wa kambini anafanya hivyo ningemfukuza jikoni siku hiyo hiyo. Lakini mtu mwenye wakwe saba wanaongoja hana akili ya upishi.

Kilivumilia kama dakika tano. Halafu nikakisikia kikipasuka, paa! kikagawanyika katikati, mvinyo wote na nyama yote vikashuka motoni, moshi wa kizambarau ukanifunika, ukatoka kwa mlango ukaenda moja kwa moja mahali walipokaa wazee, na mimi nikatoka nyuma yake nikikohoa, shati jeupe limelowa wekundu kuanzia kifuani mpaka tumboni.

Watu wakasimama. Mzee mmoja wa Genkuru akauliza nani amechomwa kisu. Baba akaja mbio akanishika mabega, akanigeuza kutafuta jeraha, na wakati ananigeuza mbwa wetu watatu wakaingia jikoni, wakatoka kila mmoja na pande lake, wakalala chini ya kivuli mbele ya wageni wote wakala nyama ya Kifaransa polepole, kwa adabu kuliko binadamu.

Shangazi yake Ghati akasogea, akaninusa. Hakuninusa kwa siri, alivuta pumzi kama anayenusa maziwa yaliyochacha. Akawageukia wenzake akasema, "Huyu kijana amekunywa."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi sinywi, hata bia ya harusi sinywi, wenzangu kambini wananiita katekista kwa sababu hiyo. Nikasema, "Shangazi, ni nyama ndiyo iliyokunywa, si mimi," na nilipolisikia neno langu mwenyewe nikajua nimejimaliza. Nikajaribu kueleza habari ya Ufaransa, kwamba pombe inaondoka nyama ikiiva, na shangazi akauliza, "Na hii imeiva?"

Mama ndiye aliyetuokoa. Akasonga ugali wa mtama na muhogo, akatoa vibuyu vya maziwa mgando, wakala wakashiba, na walikula kwa raha kubwa, jambo ambalo pia liliniudhi. Wakati wa kuondoka Mzee Marwa akanipa mkono, akasema, "Mura, kijana wangu, ng'ombe nimewaona. Chakula chako sijakiona." Wenzake wakacheka mpaka barabarani.

Nilikaa wiki nzima nikijua uchumba umekwisha. Shangazi alipeleka habari Genkuru nzima kwamba nalewa mchana, na Ghati akalazimika kupanda bodaboda mpaka kwa baba yake mkubwa na kwa mchungaji kunitetea, nyumba kwa nyumba, yeye mwenyewe akiwa hajaiona wala kuinusa hiyo nyama. Aliponipigia simu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuacha wazee wachinje?" Nikasema nilitaka waheshimu kazi yangu. Akasema, "Wangeiheshimu hata ungechoma figo la beberu vizuri."

Ng'ombe walichukuliwa mwezi uliofuata, tukaoana, lakini hapa kijijini hakuna anayeniita Chacha tena, naitwa Mfaransa, na watoto wa shule wakinipita wananusa hewa.

Bhoke nilimnunia karibu nusu mwaka. Nilimngoja aombe msamaha. Siku moja tukiwa tunachambua mboga nikamwambia waziwazi kwamba yeye ndiye aliyeniharibia. Hakukasirika. Akasema, "Ulisema kisiguswe. Hukusema kinapika. Nilikiangalia, hakina moto, hakina mvuke, hakina sauti. Ungeniambia neno moja tu, ningekilinda kama mtoto."

Bado nina hasira, kwa sababu nimewakasirikia watu wengi katika jambo hili na mwenye kosa ni mmoja. Nimeapa sitapikia tena wageni kwa kitu ambacho mama yangu hawezi kukiona kinachemka, na nikipika popote, namwambia kila aliyemo ndani ninapika nini, kwa muda gani, na waya ni wa nini. Siku ile sikumwambia mtu kwa makusudi. Nilitaka chakula kitoke ghafla na watu washangae. Walishangaa.