Sululu Mkubwa na Sululu Mdogo

Yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, sisi tunamwita sululu, jina moja na ile sululu ya kuchimbia. Wako wa aina mbili. Mkubwa mdomo wake mrefu mno, unadhani atajikwaa nao, na kichwa chake hakina alama. Mdogo mdomo umepungua kidogo, na kichwani ana mistari myeusi, kama mtu aliyechana nywele akatenga njia.

Mimi niliyezaliwa hapahapa Bagamoyo nilishikilia kwamba mdogo ni mtoto wa mkubwa. Mke wangu akinicheka. Yeye kwao Kiwangwa, kwenye mananasi (nanasi la kule tuliache, nitapotea), bahari kaijua ukubwani, akiokota chaza na wanawake wenzake maji yakitoka.

"Mume wangu, mtoto gani huyo miaka yote hakui? Hao ndugu tu. Sikiliza sauti."

Na kweli. Mkubwa huvuta mlio, kama anamwita mtu aliye mbali. Mdogo hupiga filimbi harakaharaka, kama anacheka.

Mwaka huu mke wangu akaugua, akawa hatoki tena. Siku moja akasema, "Sululu." Basi. Binti yetu, aliyekuja kumuuguza kutoka Msata, akaangua kilio.

"Baba, mama anataka sululu! Anaagiza kaburi!"

Nikamwambia mama yako anataka ndege. Mgonjwa mwenyewe akafumbua macho. "Kaburi mtachimba tu, haraka ya nini? Mimi nataka kumsikia yule mkubwa."

Mkubwa siku hizi haonekani ovyo. Kila maji yakitoka nilikwenda matopeni, narudi na tope magotini, habari sina. Mwisho tukambeba kwenye kiti mpaka ukingoni mwa mikoko. Tukakaa. Filimbi ikalia. Mdogo.

"Mkubwa huyo?" akaniuliza.

"Ndiye."

Akanibana kidole. "Mwongo mkubwa wewe. Mdogo huyo." Lakini akamsikiliza mpaka ndege akaruka.

Ijumaa hakuifikia. Makaburini kwetu ardhi ni mawe matupu, jembe haliingii. Jirani mmoja akapaza sauti, "Sululu iko wapi?" Kasema "iko", hakusema "yuko", hata mtoto mdogo angeelewa ni ile ya chuma.

Mimi nikageuka kutazama matopeni.